Mashine ya migongo mipana kutoka Kurasini hadi Iyunga: siku kumi

Mashine yenyewe ni ya kukunja bati la migongo mipana kutoka koili (bati tambarare lililoviringishwa) ya upana wa milimita 1000. Ina vituo 18 vya roli, mota ya kilowati 5.5 inayovuta mnyororo, kisu cha haidroli chenye mota yake ya kilowati 4, na PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mashine) ya kuhesabu urefu. Bati linalotoka lina migongo mitano yenye kimo cha milimita 25. Kutoka mgongo hadi mgongo ni milimita 210, na upana wa kufunika paa ni milimita 840. Fremu ina urefu wa mita 9 na uzito wa tani 6.5. Karatasi za kiwandani zinasema imepimwa na kujaribiwa. Karatasi hizo zilikuwa kweli siku zilipoandikwa. Baada ya meli na barabara ya kilomita zaidi ya 800, kila namba iliyomo ndani yake ni ya kupimwa upya.

Siku ya 1: Kurasini, Dar es Salaam

Kontena la futi 40 lilifunguliwa saa 3 asubuhi. Lingeweza kupanda lori na kwenda Mbeya likiwa limefungwa, lakini kurudisha kontena tupu bandarini ni nauli ya pili, na siku za kulishikilia zina malipo. Ndiyo maana mzigo ulishushwa hapohapo.

Kuitoa fremu ya mita 9 ndani ya kontena ni kazi ya subira. Foklifti huinyanyua mwisho mmoja tu, mabomba ya chuma ya inchi 2 yanawekwa chini, kisha inavutwa taratibu kwa mnyororo uliofungwa kwenye fremu. Asiyejua hufunga mnyororo kwenye shafti za roli kwa sababu ndizo zinazoonekana nono. Shafti ya milimita 70 ikivutwa kwa ubavu hupinda kidogo sana, jicho halioni, na bati litakuja kusema baadaye kwa mkunjo usioeleweka unatoka wapi.

Vilihesabiwa: fremu yenye kisu, kifungua koili cha mkono cha kubeba tani 5, meza mbili za kupokelea bati, kabati la umeme, tangi la haidroli (tupu, mafuta hununuliwa huku), enkoda (kifaa chenye gurudumu la kupima urefu wa bati linalopita) ndani ya boksi lake, na mfuko wa vipuri: beringi, kontakta, swichi za kikomo, seti moja ya sili za silinda.

Kabla ya giza ilifanyika kazi moja ndogo iliyookoa muda mwingi mbele ya safari. Kila kituo kina skrubu mbili za kurekebisha nafasi kati ya roli ya juu na ya chini, moja kila upande, jumla 36. Juu ya kila nati ulichorwa mstari wa rangi nyeupe unaoshuka hadi kwenye mwili wa kituo. Nati ikizunguka njiani, mstari unakatika. Rangi ya kopo dogo, brashi, dakika 40.

Siku ya 2: Kupakia

Koili mbili zilinunuliwa Dar, kila moja tani 4 na kidogo, bati lililopakwa rangi, lebo ikisema unene milimita 0.30, geji 30. Ya kwanza ni bluu, ya pili nyekundu ya matofali. Koili ya tani 4 yenye upana wa mita 1 ina kipenyo kinachokaribia mita 1 tu. Udogo huo ndio hatari yake: tani nne zinakaa juu ya mstari mwembamba wa mbao, na sakafu ya trela iliyooza inatoboka. Chini ya kila koili ziliwekwa mbao mbili nene za mita 2, zikilala juu ya mihimili kadhaa ya trela, na juu yake kabari za mbao ngumu pande zote mbili. Koili ililazwa tundu likiangalia ubavuni mwa lori, mnyororo ukapita ndani ya tundu ukavutwa mbele, wa pili ukavutwa nyuma. Kona zinazogusa mnyororo ziliwekewa vipande vya mpira wa tairi. Mnyororo ukigusa bati moja kwa moja unakata tabaka za nje, na tabaka moja ya nje ya koili hiyo ni karibu mita 3 za bati, yaani bati zima la mteja.

Mpangilio ulikuwa koili moja mbele, fremu katikati, koili ya pili nyuma. Jumla ya mzigo haifiki tani 15, mbali kabisa na kikomo cha tani 56 cha gari zima katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ila mizani hupima ekseli kwa ekseli, na dereva aliyelundika kila kizito juu ya ekseli mbili za kichwa hana pa kujificha hata kama trela nyuma ni jepesi.

Kifungua koili, meza na kabati la umeme vilipanda Fuso. Enkoda na skrini ya PLC vilifunguliwa na kukaa kwenye kabini, vikiwa vimeviringishwa ndani ya blanketi.

Siku ya 3: Dar es Salaam hadi Mikumi, karibu kilomita 300

Vigwaza mizani, sawa. Chalinze chai. Mikese mizani, sawa. Morogoro minyororo ikakazwa tena, maana mbao mpya hubonyea zikishapata mtikisiko na mnyororo uliokuwa umebana asubuhi huwa umelegea mchana. Sheria ya kukaza baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila kituo, haina njia ya mkato.

Matuta ya vijijini ndiyo yanayoumiza mashine kuliko mashimo. Shimo huonekana, tuta linapitwa kwa mwendo uleule kila baada ya dakika chache, na roli za juu zinacheza ndani ya beringi zake. Hifadhi ya Mikumi ilipitwa kabla ya jioni. Usiku, kulala.

Siku ya 4: Mikumi hadi Makambako

Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu barabarani, na utingo wengi hununua hapo kwa sababu mbele bei si ile. Baada ya hapo ni Kitonga.

Kwenye mlima huu, kutoka Dar, mzigo unapanda, hivyo unataka kurudi nyuma. Koili ya nyuma ndiyo ya kuangaliwa: kabari zake za upande wa nyuma zilipigiwa misumari ya inchi 6 kwenye mbao, na gogo la akiba likawekwa kati yake na mlango wa trela. Mashine za aina hii zinazosafiri kwenda pwani hukutana na tatizo hilohilo kwa kinyume, kwani kushuka Kitonga huusukuma mzigo kwenye kabini. Lori lilipanda kwa gia ya chini tangu mwanzo. Kubadilisha gia katikati ya kona ndiko kunakoleta mshtuko unaokata minyororo.

Ipogolo, kisha Mafinga, na Makambako usiku. Hapa baridi ndiyo habari. Hewa iliyofungiwa chini ya turubai ilitoka nayo Dar, nzito kwa unyevu. Usiku wa nyanda za juu ukiipoza, maji hujitenga na kushuka juu ya chuma kama umande. Kwenye roli zilizopakwa grisi ya kuzuia kutu, maji hayo hayana madhara makubwa. Kwenye koili yanaingia kati ya tabaka, hayatoki, na baada ya wiki chache zinki inafanya unga mweupe, kutu nyeupe. Wateja huirudisha bati hiyo hata kama ni nzima. Turubai liliachwa wazi sentimita 30 pande zote mbili chini ili hewa ipite, na ngozi ya karatasi ya koili haikuchanwa. Mvua ingekuwepo, ingekuwa hesabu nyingine.

Siku ya 5: Makambako hadi Iyunga, Mbeya

Mizani ya Makambako, Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole, kisha mjini hadi eneo la viwanda la Iyunga saa 8 mchana. Kreni ya tani 10 ilishusha fremu kwa mikanda miwili kwenye matundu ya fremu yaliyowekwa kwa ajili hiyo, na boriti ya chuma ikatanuliwa juu ili mikanda isibane vituo vya roli kuelekea ndani. Koili zilishuka mwisho zikawekwa juu ya mbao ndani ya banda. Kuzilaza juu ya saruji tupu ni kuziombea unyevu.

Mistari ya rangi ilikaguliwa kabla ya kitu kingine. Nati 7 kati ya 36 zilikuwa zimezunguka, 5 kati yake upande wa kulia. Zote ziliandikwa, hakuna iliyoguswa.

Siku ya 6: Kusawazisha

Sakafu ni zege la milimita 150 lenye wavu wa nondo (BRC), na kwa jicho lilikuwa tambarare. Bomba la maji lilionyesha tofauti ya milimita 11 kutoka mwisho mmoja wa fremu hadi mwingine. Tofauti ya namna hiyo peke yake si tatizo kubwa: mashine iliyoinama kidogo kwa urefu wake bado hutoa bati zuri. Kinachoharibu bati ni fremu iliyojisokota, mguu wa mbele kushoto ukiwa juu na wa nyuma kulia ukiwa juu. Bati linaingia sawa linatoka mshazari, na fundi anahangaika na roli wiki nzima.

Hivyo pimamaji ya fundi mashine, ya usahihi wa milimita 0.05 kwa mita, iliwekwa kwa upana: juu ya shafti ya kituo cha 1, kisha cha 9, kisha cha 18. Namba tatu zilifanywa zilingane kwanza, urefu ukafuata. Shimu za bati (vibamba vyembamba vya kujazia) ziliwekwa chini ya miguu minane. Bolti za kuchimbia zilikazwa mwisho, na pimamaji ikarudishwa juu ya shafti wakati wa kukaza, kwa sababu bolti iliyokazwa juu ya mguu usiogusa shimu huivuta fremu chini na kuisokota upya. Mguu wa sita ulifanya hivyo. Shimu ya milimita 0.5 ikaongezwa.

Kifungua koili kiliwekwa mita 2.5 mbele ya mlango wa mashine. Uzi ulivutwa kutoka katikati ya mhimili wake hadi katikati ya kisu, na tofauti ikaachwa chini ya milimita 2.

Siku ya 7: Umeme na mafuta

Mota mbili zikifanya kazi pamoja hula karibu ampea 19 kwa volti 400. Iliwekwa swichi ya ampea 32, na waya wa milimita za mraba 10 kwa sababu bodi kuu iko mita 40 kutoka mashine. Fundi umeme anayepigia hesabu ampea na kusahau umbali huweka wa 4, kisha inveta (kifaa cha kuongoza mwendo wa mota) inaweza kujizima mota ya haidroli inapoanza, na lawama zote zinaenda kwenye gridi.

Fimbo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini ilipigwa na kupimwa, chini ya omu 10. Kisha mpangilio wa fezi: mota ya haidroli iliwashwa kwa sekunde moja na kuzimwa, mshale wa kwenye mota ukiangaliwa. Ilizunguka kinyume. Waya mbili zilibadilishana nafasi. Pampu ya haidroli ikizungushwa kinyume kwa dakika chache tu bila mafuta hukwangua ndani na haina tiba.

Mafuta ya haidroli namba 46 yalimwagwa kupitia chujio. Kisu kilipandishwa na kushushwa mara 15 bila bati ili hewa itoke. Mara nne za kwanza kilishuka kwa mishtuko, kisha kikatulia. Swichi ya kikomo ya juu ilisogezwa milimita 6. Isingesogezwa, kisu kingesimama bado kikichungulia ndani ya njia ya bati, na bati linapogonga kisu huku roli zinaendelea kusukuma, linajikunja kama kinanda cha mkono ndani ya sekunde mbili.

Siku ya 8: Bati la kwanza

Roli zilipanguswa kwa mafuta ya taa na matambara meupe hadi tambara litoke safi. Grisi ya kusafirishia ikibaki, mita 100 za kwanza za bati la rangi hutoka na michirizi myeusi isiyofutika.

Ndipo ikaja zamu ya nafasi za roli. Maikromita ilisoma milimita 0.30 kwenye ukingo wa koili ya bluu, pamoja na rangi. Nafasi kati ya roli ziliwekwa milimita 0.35 kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya), kushoto na kulia, kituo kwa kituo. Zile nati 7 zilizozunguka zilikuwa zimefungua hadi 0.55.

Kipande cha mwanzo cha koili kilikatwa pembe zake ili kisikwame, rangi ikiangalia juu, kikaingizwa kati ya miongozo miwili ya pembeni. Mashine iliendeshwa kwa kubonyeza na kuachia, ikasimama kila baada ya vituo vitatu. Mgongo wa katikati ndio unaokunjwa kwanza, kisha miwili inayofuata, kisha ya ukingoni, kwa sababu kila mgongo unavuta bati kuelekea ndani. Kukunja ukingo kwanza kungefunga njia na bati lingechanika katikati.

Mita 10 za kwanza zilienda kulia kwa milimita 14. Mstari wa kalamu ya alama ulichorwa katikati ya bati tambarare na kufuatiliwa: ulikaa sawa hadi kituo cha 4, ukaanza kukimbia cha 5. Kipimo kikarudiwa, na kulia kwa kituo cha 5 fila geji ya 0.45 ikapita. Nati ilikuwa imekazwa lakini skrubu yake ina nyuzi zilizochakaa, ikirudi nyuma roli zikishika bati. Upande uliobanwa hurefuka kidogo, na bati hupinda kuelekea upande uliolegea. Nati ya pili ya kufungia iliongezwa juu yake. Kuzisukuma pembeni nguzo za mwongozo wa kuingilia, kama wengi wafanyavyo, kungeficha kosa na kukwangua ukingo wa bati.

Kisha mawimbi katika mabonde mawili ya kati. Hapo mmoja wa vijana alikuwa amekaza vituo vya 9 hadi 11 ili migongo iwe na kona kali. Bati jembamba la paa mara nyingi ni gumu, la daraja la G550, na hurudi nyuma likikunjwa. Ukali wa kona unatafutwa kwenye vituo vya mwisho, ambavyo vimechongwa kukunja zaidi kidogo ya pembe inayotakiwa. Kukaza vya kati kunalivuta bati tambarare, na likivutwa halina pa kwenda ila juu na chini. Vilirudishwa 0.35 na mawimbi yakaisha baada ya mita 6.

Hadi jioni bati la kutupa lilifika mita 41.

Siku ya 9: Urefu, ukataji, na ukweli wa lebo

Mashine iliombwa bati la mita 2 ikatoa milimita 2011. Ikaombwa mita 6, ikatoa 6019. Namba hizo mbili zinatosha. Kosa lingekuwa la kusimama kwa kuchelewa peke yake, lingekuwa sawa kwa urefu wote. Lingekuwa la gurudumu la enkoda peke yake, lingekua mara tatu. Hapa kuna yote mawili: milimita 2 kwa kila mita ni za gurudumu, na milimita 7 ni za kusimama. Mzingo wa gurudumu kwenye PLC ulikuwa 200.0, ukaandikwa 200.4. Umbali wa kupunguza mwendo kabla ya kukata ukaongezwa, na kisahihisho cha 7 kikaingizwa. Jaribio la pili: 2000 na 6001.

Ncha kali ilikuwa upande wa kushoto wa kila mkato. Nafasi kati ya kisu cha juu na cha chini kwa bati hili inatakiwa milimita 0.02 hadi 0.03, kushoto ilikuwa karibu 0.1. Bolti mbili za kisu cha chini zilikuwa zimesogea barabarani, na hazikuwa na mstari wa rangi. Safari nyingine na zenyewe zichorwe.

Mita 1 ya bati tambarare iliwekwa kwenye mizani: kilo 2.12. Chuma cha milimita 0.30 kwa upana wa mita 1 kinapaswa kuwa kilo 2.36. Kipande kilipakwa dawa ya kuondoa rangi, maikromita ikasoma 0.27. Roli hazikujali, kwani zinabana unene wote pamoja na rangi. Paa linajali. Kwa kipimo cha SWG cha Uingereza, geji 30 ni milimita 0.315, na geji 32 ni 0.274, kwa hiyo koili iliyouzwa kama geji 30 ni geji 32 iliyovaa koti. Faida moja tu ipo upande wa mwenye kiwanda: kilo 4,000 zinatoa mita zipatazo 1,886 badala ya 1,698. Kishawishi cha kuendeleza lebo ya muuzaji kwenye bati lenye jina la kiwanda ni kikubwa. Printa ya wino iliwekwa iandike 0.27.

Siku ya 10: Oda ya kwanza

Bati 64 za mita 3, bluu. Kwa mwendo wa mita 12 kwa dakika kila bati huchukua sekunde 15 za kusukumwa na sekunde 3 za kukatwa, yaani dakika 20 hivi kwa oda nzima. Ilichukua 35, kwa sababu wapangaji walikuwa wawili na bati la mita 3 linataka wawili kulibeba bila kuliburuza juu ya jingine. Oda inafunika mita za mraba 161 kabla ya kutoa sehemu za kupandana kwa urefu.

Baada ya bati la 64 mashine ilizimwa ikiwa bado ya moto, na fila geji ikapita tena vituo vyote 18. Kituo cha 5 kulia: 0.35. Kituo cha 12 kushoto: 0.40. Mstari mpya wa rangi ukachorwa juu ya nati zote 36 na bolti za kisu, safari hii nyekundu.